Karata Sabini na Nane za Mwalimu Senkondo

Katika usharika mmoja wa milimani huko Upare, ambako watu hulima tangawizi na hawapendi kuharakishwa, alikuwepo mwalimu wa kwaya aliyeitwa Senkondo. Mwalimu huyu alikuwa na nyimbo nne. Zilikuwa nzuri, alizitunga akiwa kijana, na kwaya ilikuwa imeziimba kwa miaka kumi na tisa, hata mbuzi waliofungwa nyuma ya kanisa walijua mahali pa kuitikia. Kila alipoketi kutunga wa tano, hapakuja neno. Na alikuwa na rafiki mmoja wa moyoni, Elinaza Msofe, mwimbaji wa besi, ambaye akifungua kinywa vioo vya madirisha vilitetemeka. Wawili hao waliahidiana tangu ujana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamsindikiza kwa wimbo mpya aliotungiwa yeye peke yake. Elinaza alimkumbusha mwalimu ahadi hiyo kila Jumapili baada ya ibada. Ukizifikiria zile nyimbo nne, alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi.

Siku moja mgeni kutoka mbali alilala katika nyumba ya wageni ya usharika, akaondoka akisahau pakiti ya karata chini ya mto. Hazikuwa karata za kuchezea. Zilikuwa sabini na nane, kubwa, kila moja na picha yake: mzee mwenye taa, mwanamke anayemfumba simba mdomo, mtu aliyening'inia kwa mguu mmoja kichwa chini. Mpishi alieleza kwamba mgeni alikuwa akizipanga mezani kila asubuhi ili ajue siku yake itakuwaje, na kwamba siku aliyoondoka basi lilimwacha. Senkondo hakuhitaji kuambiwa siku yake itakuwaje; alikuwa mwalimu wa kwaya, alijua. Lakini alichomoa moja, akaona mtu amebeba fimbo kumi, mgongo umepinda, haoni hata njia. Akawakumbuka akina mama wanaoteremka na kuni. Kabla chai haijapoa, wimbo wa tano ulikuwa kwenye karatasi. Kufika Pasaka alikuwa na kumi na tatu.

Mchungaji alimwita, akamwuliza kwa ukali kama usharika wake sasa umepata mganga. Senkondo akajibu kwamba haziulizi karata habari za kesho. Anaziomba ubeti wa kwanza tu, na wa pili huja wenyewe kutoka ndani alikokuwa ameufungia miaka yote. Mchungaji akafikiri sana. Mwisho akasema karata hizo zisifike madhabahuni, kisha akauliza kama hakuna yenye picha ya mavuno.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni jinsi mtu anavyofilisika huku akishukuriwa. Mwalimu alichomoa picha ya mnara unaopigwa radi, akautungia wimbo, na wiki hiyohiyo Mzee Mrindoko, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja kwake amekasirika. Kanisa lilikuwa limejenga mnara wa kengele, mnara ulikuwa na nyufa, na wimbo ule, alisema, ulikuwa unamsema yeye. Senkondo hakupenda ugomvi. Akamwahidi kwamba wimbo hautaimbwa tena, na ili mzee aamini, akampa karata yenyewe aende nayo nyumbani. Mrindoko akaondoka ameridhika, na habari zikaenea. Waume sita wakaja kuhusu ule wimbo wa kuni, wakamsukuma aliye mpole kuliko wote aseme. Wakapewa karata yao. Bwana mmoja, ambaye kwa kawaida hurudi kutoka kilabuni kwa njia isiyonyooka, aliulalamikia wimbo wa mtu wa kichwa chini, akapewa karata yake. Mume wa mwenyekiti wa akina mama alikuja mwenyewe, kwa sauti ndogo, kumwombea yule simba. Kila aliyeguswa aliondoka na karata yake mfukoni, na hakuna aliyeichana. Mtu hachani picha yake.

Ile ya Kifo, mifupa iliyopanda farasi, haikulalamikiwa na yeyote, kwa sababu haikuwahi kuimbwa. Hiyo aliiogopa mwalimu mwenyewe. Kila ilipotoka aliirudisha haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu. Mwishowe akampa Elinaza amtunzie, kwa kuwa Elinaza hakuogopa kitu. Elinaza akacheka, akaichomeka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Baada ya miaka miwili ikabaki karata moja, Jua. Ni picha nzuri: jua lenye uso wa mtu aliyeshiba, maua, na mtoto juu ya farasi. Nani angelilalamikia jua? Maarusi wakaimbiwa jua. Watoto wa ubatizo wakaimbiwa jua. Mwaka wa ukame, kwaya ilipanda mlimani kwa maombi ya mvua, ikaliimbia jua beti sita kwa sauti nne. Watu walirudi nyumbani wakitoka jasho, wakampongeza mwalimu kwamba siku hizi hamsemi mtu.

Ndipo Elinaza alipofariki, Jumanne, akiwa shambani kwake, jembe mkononi. Mazishi yakapangwa kuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Senkondo aliketi mezani, moyo umemvunjika, akachanganya karata yake moja. Aliichanganya kwa muda mrefu. Alipoifunua, ilikuwa Jua.

Akatunga alichoweza kutunga, akaenda msibani kumsomea mjane. Mjane huyo, Mama Nakijwa, alikuwa ameketi mkekani na akina mama wenzake. Mwalimu akasoma kwamba jua limechomoza juu ya milima, kwamba mawingu yameondoka, na kwamba mchana kutwa anga litakuwa jeupe. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, mume wangu amekufa. Wewe unanisomea hali ya hewa."

Akina mama wakainamisha nyuso, na baadhi yao, Mungu awasamehe, wakajificha ndani ya kanga mabega yakiwatikisika. Mjane mwenyewe alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na alipotulia akaagiza kitabu cha nyimbo cha marehemu. Akachomoa karata iliyokuwa ndani, akampa mwalimu.

Senkondo akaenda nyuma ya jiko, akaketi juu ya kuni, na kwa mara ya kwanza akaitazama picha ile pembe hadi pembe. Aliona mfalme amelala chini. Aliona askofu amesimama mbele ya farasi akiomba, na farasi hasimami. Na nyuma kabisa, mbali, katikati ya minara miwili, aliona jua dogo. Kama lilikuwa linachomoza au linazama, mchoraji hakuandika. Lilikuwa lilelile aliloliimba siku zote hizo, ila sasa aliona kinachopita mbele yake. Hapo akamlilia rafiki yake kwa sauti, bila haya, kisha akaomba kalamu.

Wimbo wa Alhamisi ulikuwa na beti tatu tu. Katika ubeti wa tatu mwalimu aliiachia besi nafasi, na hakumpa mtu mwingine aijaze. Kwaya ilipofika hapo ikanyamaza. Vioo vya madirisha havikutetemeka, na kanisa zima likasikia kwamba havitetemeki. Wanaume wazima walitoka nje wakipenga kamasi. Hakuna aliyekuja kulalamika.

Wiki iliyofuata karata zikaanza kurudi. Nyingine zilipenyezwa chini ya mlango, moja ilikuja ndani ya kikapu cha tangawizi, na wale waume sita walimtuma tena yule mpole. Mzee Mrindoko peke yake hakurudisha yake. Masika ilipofika, mnara wa kengele ukaanguka, siku ya Jumatatu, kanisani hakuna mtu, ukamwua kuku mmoja wa mchungaji. Wapo waliosema karata ilitabiri. Huo ni upuuzi. Karata haikujua lolote. Nyufa zilikuwepo, na kila Jumapili watu walipita chini yake wakitazama viatu vyao.

Basi niwaulize, wala msinijibu hapa, mkajijibu nyumbani: ile karata uliyomnyang'anya mtu anayekuimbia, umeificha wapi?