Bibi Chausiku Aingia Shimoni

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na mto.
Ukanuka!
Ukanuka mpaka wapi?
Mpaka kwenye ugali!

Basi zamani hizo, kabla bibi zetu hawajaota meno, kando ya mto huo kulikuwa na mashimo ya kulainishia ngozi. Ngozi za ng'ombe, chokaa, magome ya miti. Kila jioni uchafu wote mtoni, chubwi! Samaki wakafa. Ndege wakahama. Mnandi akaenda, yangeyange akaenda, na kwarara akaenda akipiga kelele, ngwaa! ngwaa! kama mtu aliyetukaniwa mama.

Kisha magome yakaisha. Hakuna magome, hakuna ngozi. Wenye mashimo wakafunga virago. Mvua ikanyesha, mto ukajiosha. Matete yakaota, samaki wakarudi. Na asubuhi moja, juu ya matope: ngwaa! ngwaa!

Jumbe Sekiteke, mkuu wa kijiji, akaja kutazama. Akakunja uso.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanakula, Jumbe."

"Kazi yao?"

"Ni ndege, Jumbe."

"Yaani mto mzima umekaa bure kulisha wavivu!"

Na aliyesema hivyo nani? Mtu anayepepewa na wake zake hata akilala! Haya, tuendelee.

Miti ilikuwa imeota upya, magome yapo. Jumbe akatangaza kwamba mashimo yanachimbwa tena. Ngoma ikapigwa. Shimo la kwanza akalichimba mwenyewe ili asifiwe. Ti! ti! ti! mpaka kiunoni. Akatoka kufuta jasho. Puu! Mtu kaingia.

Alikuwa Bibi Chausiku, kikongwe wa ukoo wa pili wa kijiji, na kiko chake mdomoni.

"Bibi, toka!"

"Nitoke kwa nini? Shimo zuri, limepimwa kwa tumbo lako."

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akauma meno tu. Ukoo wake na ukoo wa bibi ni watani. Na desturi yao ilikuwa hii: mtani wako akichimba shimo, liwe la kaburi, liwe la choo, una haki ya kuingia, na hutoki mpaka upewe unachotaka. Kukasirika mwiko. Mwenye akili humwita mtani mapema, akamlisha, wakayamaliza. Jumbe kwa kujiona kwake alisahau.

"Nakupa kuku."

"Mkondefu kama ahadi zako? Sitaki."

"Mbuzi!"

"Huyo muoe."

"Mtoeni!" Jumbe akafoka.

Shangazi yake akamshika mkono. "Sekiteke, mwanangu, wanaotuzika sisi ni watani. Ukimburuta huyu, siku ukifa utaozea barazani na kofia yako."

Jumbe akachuchumaa ukingoni. "Mtani wangu, unataka nini?"

Bibi Chausiku akatoa kiko mdomoni. Mzaha ukamwisha.

"Wanangu walikunywa maji ya mashimo yale ya kwanza, wakaharisha mpaka nikawazika. Sasa wajukuu wanakunywa hapahapa, pamoja na hao wavivu wako, na wanakua. Nataka shimo lifukiwe. Chimba jingine kando ya mto huu, nitaingia. Nikifa, ukoo wangu utaingia."



Jumbe akachukua jembe.

"Ngoja kwanza nitoke, punguani wewe!"

Wakamvuta. Jumbe akafukia mwenyewe, jasho linamtiririka. Yangeyange akaja, akamfuata nyuma hatua kwa hatua, akidonoa minyoo kwenye udongo.

"Mfukuze basi," bibi akamwambia, "si mvivu?"

Jumbe akamtazama ndege. Ndege akamtazama Jumbe.

"Mwache," Jumbe akasema kwa sauti ndogo. "Tunafanya kazi."

Kwa hiyo, ndugu zangu, atakayewaambia mto safi umekaa bure, msibishane naye. Mchoteeni kikombe cha ule mchafu, anywe yeye kwanza.

Hadithi yangu imetua hapo, leo hairuki tena.