Zimwi la Vilivyovunjwa kwa Hasira

Sogeeni, nianze kabla hamjasinzia.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na tano, Mwanakombo, mwenye hasira za ghafla. Mdogo wake Makame akimchokoza tu, alivunja chochote kilichokuwa karibu.

Siku ya kwanza alivunja mtungi. Zimwi likabisha hodi mchana kweupe: "Kilichovunjwa kwa hasira ni changu!" Likabeba vigae. Siku ya pili alivunja kiti cha marehemu baba yao. Zimwi likarudi, likabeba vipande.

Mama yao akalia, "Mwanangu, nyumba inakwisha!" Mwanakombo akanuna tu.

Siku ya tatu Makame alimcheka. Mwanakombo akamsukuma, Makame akaanguka, mkono wake wa kulia ukavunjika, ka! Papo hapo zimwi likasimama mlangoni.

"Nipe changu."

Mwanakombo akamkumbatia mdogo wake. "Simtoi!"

"Si umemvunja mwenyewe?"

"Nimemvunja mimi, na nitamuuguza mimi!"

Akachana kanga yake, akaufunga mkono kwa vijiti huku akilia, "Nisamehe, Makame." Zimwi likanusa, likanusa tena, harufu ya hasira haikuwepo. Likaenda zake.

Makame hakusamehe siku ile, wala siku ya pili. Mwezi mzima Mwanakombo alimlisha tonge kwa tonge. Hasira zikimpanda, alitoka uani akapasua kuni.

Jioni moja Makame akausukuma mkono wa dada yake wenye tonge.

"Nimepona," akasema. "Kaa, dada, tule sote."

Naiacha hapa mkekani, anayeitaka aiokote.