Masale Arobaini na Moja ya Mkandani

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa na nini?
— Pakawa na majani.
Majani ya nani?
— Ya mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe.
Basi sogeeni, nami nisogee.

Hapo kale, siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mzee mmoja alipigilia kigingi mahali ambapo hapakuwahi kupigiliwa kigingi. Mtaniuliza, hapo kale saa ilitoka wapi? Kivuli cha nguzo ya mlango kilikuwa kimeliacha jiwe la pili, hakijafika la tatu. Hesabuni wenyewe.

Mzee huyo aliitwa Kirita. Alikuwa mpimaji wa Mangi, mtawala wa mji ule wa mlimani. Na mahali penyewe paliitwa Mkandani, kwa kuwa majani yake na miti yake iliuzunguka mji kama mkanda uzungukavyo kiuno. Watu walisema mji usio na mkanda huvuliwa nguo na mvua.

Ah, Mkandani. Ninyi mliozaliwa juzi hamkupaona. Majani yalifika magotini. Chemchemi zilikuwa tatu: ya kunywa, ya kufulia na ya ng'ombe, na hakuna aliyezikosea. Watoto waliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba, wakafika chini wakicheka, wakapanda tena. Mtu mzima akipita alijifanya kukasirika. Kisha aligeuka kutazama kama kuna anayemwona, akateleza naye.

Lakini mji ulikuwa umejaa. Vijana walioa wakakosa pa kujenga. Wengine walilala na wake zao zizini, wakisikiliza ng'ombe akicheua. Ndipo Mangi akamwagiza Kirita apime Mkandani nyumba arobaini na moja. Si arobaini. Arobaini na moja.

Msichana mmoja mkata majani, jina lake Nsia, alisikia nyundo, akaja na mundu wake mkononi. Kaka yake, Ndesario, alikuwa mmoja wa vijana arobaini na moja waliozingoja nyumba hizo. Mchumba wake alikwisha kusema hatavuka mto kuja kulala zizini. Kwa hiyo Nsia hakuweza kusema msijenge. Wala hakuweza kusema jengeni, maana alijua maji ya chemchemi hushikwa na mizizi ya majani yale yale. Akarudi kukata majani yake, na Kirita akapiga vigingi huku akiimba:

Kigingi ingia, kigingi kaa,
mwezi ujao hapa pana paa.

Jumatano, vigingi havipo. Panya fuko wamevifukua. Kirita akapima upya, akaimba:

Kigingi ingia, kigingi kaa,
mwezi ujao hapa pana paa.

Alhamisi, vigingi havipo. Wanawake wameviona vikavu, wamevifanya kuni. Kirita akapima upya, akaimba, sasa kwa sauti ndogo:

Kigingi ingia, kigingi kaa,
mwezi ujao hapa pana paa.

Ijumaa, mvua. Vigingi vikaokotwa sokoni, bondeni.

Kirita akakaa majanini akijikanda mgongo. Nsia akamsogelea.

"Mbe Kirita, mzee wangu, mti mkavu haushiki ardhi. Weka masale."

Mnalijua sale? Majani marefu kama panga, kijani mwaka mzima. Huko mlimani ndilo alama ya mpaka, na mwenye akili zake haling'oi. Kirita akauliza nani atapanda, mgongo wake huu? Nsia akasema atapanda yeye. Mzee akacheka. Akamwambia kumbe wakata majani nao wana akili, angekuwa na mwana wa kuoa angemposea leo leo, ila wangelala zizini. Akamwachia kamba ya kupimia, akaenda zake kunywa mbege, pombe ya ndizi.

Hapo ndipo alipokosea. Sale lina kazi mbili. Ya kwanza ni mpaka. Ya pili ni msamaha: jani lake likifungwa fundo, hilo ni ombi, na anayeletewa hawezi kulikataa, hata awe nani. Nsia akapanda masale arobaini na moja. Na kila sale akalifunga fundo. Fundo, fundo, fundo.

Jumatatu Mangi akaja na watu na majembe, Ndesario mbele. Jembe la kwanza likainuliwa, likabaki hewani. Hapa pamefungwa, Mangi, wachimbaji wakasema. Wakaenda kwa la pili. Pamefungwa. La tatu. Pamefungwa. Mangi akauzunguka mpaka wote kwa miguu yake, akarudi akihema.

"Nani huyu aliyenikosea mara arobaini na moja?"

Kirita akamtazama Nsia.

"Bado hajakukosea mtu, Mangi," Nsia akasema. "Nayaombea majani haya. Yasamehewe kwa kutokuwa nyumba."

Wazee wakatazama chini. Fundo ni fundo. Mangi akasema yamesamehewa. Kisha akauliza lile ambalo Nsia alikuwa akiliogopa siku tatu nzima.

"Na kaka yako atalala wapi? Majani hayana mlango."

 Ndesario alimtazama dada yake kama mtu aliyeibiwa na mtu wa nyumbani.

Mkono mtupu haulambwi, wasikilizaji wangu. Nsia alikuwa ameuzunguka mji kwa ndani, Jumamosi na Jumapili, na kamba ya Kirita. Akataja. Mahame yasiyo na warithi, kumi na tisa. Mazizi yasiyo na ng'ombe, kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuyapima, maana kupima majani ni rahisi kuliko kubisha hodi kwa watu. Uwanja wa ngoma wa Mangi, unaochezwa mara moja kwa mwaka, nyumba tisa. Mangi akakohoa. Ua wa Kirita anakoanikia vigingi, moja. Watu wakacheka, na Mangi akacheka kuliko wote.

"Hizo ni arobaini," Kirita akasema, hakucheka. "Ya arobaini na moja iko wapi, mae, binti yangu?"

Nsia akamgeukia kaka yake. 

"Nyuma ya jiko letu."

Ndesario akashusha jembe. "Pale ni kwenye migomba ya mama."

"Najua," Nsia akasema. "Nimepapima. Panatosha."

Mangi akakubali, akawageuza watu na majembe yao kurudi mjini.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Nsia aliamka kabla ya kaka yake, akachukua panga, akaenda nyuma ya jiko. Mama yake aliipanda migomba ile akiwa na mimba ya Nsia. Akaukata wa kwanza. Akaukata wa pili. Wa tatu ulikuwa na mkungu mchanga. Akasimama kidogo, akaukata nao. Jua lilipochomoza liliingia mpaka mlangoni mwa jiko, mahali ambapo halikuwahi kufika tangu azaliwe.

Hadithi yangu imekaa juu ya kisiki. Tamu yake bebeni, chungu yake niachieni mimi.