Machano na Mtambo wa Reale Mia

Hapo zamani, katika zama ambazo masultani walikuwa wangali wakiketi barazani na kupepewa, na mitambo ya chuma nayo imekwisha kufika na kunguruma mashambani (yaliwezaje kuwa pamoja, msiniulize, sikuwapo), palikuwa na mji ukiitwa Bandarikavu. Jina lilikuwa la bandari, lakini mji haukuwa na maji hata ya kumnawisha mgeni. Mto ulikuwa juu huko, mwendo wa nusu saa kwa mwenye ndoo tupu, na saa nzima kwa mwenye ndoo iliyojaa. Mtawala wa mji alikuwa Sultani Hilali, mtu mpole wa maneno na mwepesi wa kupokea.

Katika mtaa wa wafinyanzi alikaa mtu mmoja, jina lake Machano, ambaye hakuwa na kitu ila nyumba ya udongo, mke aliyeitwa Bi Mize, na mdomo. Bi Mize alifinyanga vyungu vilivyosifiwa mji mzima, na chakula cha nyumba kilitoka mikononi mwake. Kazi ya Machano ilikuwa kumchotea maji na kulalamika njiani. Ikawa siku moja, arusini, alipokwisha kula pilau ya watu, akasema kwa sauti: "Lau ningalikuwa sultani mimi, maji yangalifika mlangoni mwa Bi Mize kabla ya mwezi kuandama!" Watu wakacheka. Maneno yakatoka arusini, yakapita sokoni, yakaingia kasri kabla Machano hajamaliza kunawa.

Basi akaitwa barazani. Sultani akamwambia, "Ewe Machano, nasikia wajua kutawala kuliko mimi."

"Mola akuweke, Bwana wangu. Niliongea nimeshiba, na kushiba sijakuzoea."

"La, umesema vyema. Maji na yaje. Shika mfuko huu, una reale mia. Uninunulie mtambo wa kuchimbia, uliokwisha kutumika, sikulazimishi mpya. Uwe wa kati: usiwe mdogo wa kuchimba shimo la mgomba, wala mkubwa wa kuniangushia ukuta. Mwezi ukiandama kabla mtambo haujasimama uani kwangu na maji hayajafika mjini, nyumba yako itabomolewa, nawe na mkeo mtatoka katika mji huu."

Zilikuwa zimesalia siku kumi na nne. Na mtambo wa kati, hata uliochoka, haukupatikana kwa chini ya reale elfu moja.

Sasa niwaambieni siri ambayo Machano hakuijua. Muuza mitambo mikuukuu alikuwa mmoja tu katika nchi ile, Tajiri Mauli, na nusu ya biashara yake ilikuwa ya Sultani mwenyewe, kwa maneno ya chemba. Mitambo ya kasri ikizeeka ilipelekwa uani kwa Mauli, ikapakwa rangi ya manjano, ikauzwa kwa wenye shida. Hesabu ya Sultani ilikuwa hii: wafinyanzi wampenda Bi Mize, hawatakubali abomolewe nyumba, watachanga hizo reale mia tisa zilizopungua, watamlipa Mauli, na nusu itarudi kasri. Mimi nimesikia hila nyingi za wakubwa, lakini hii ya kumuuzia maskini chuma chakavu na kumfanya aone ni sadaka yanikera mpaka leo.

Na kweli, alasiri ile ile watu wakaanza kuja. Mmoja alileta bangili za arusi yake, mwingine akavuta mbuzi, na kikongwe Bi Shali akaja na kitambaa chake cha sanda alichokinunua kwa miaka sita, akasema kiuzwe. Machano alipoiona ile sanda, aliigusa kwa ncha za vidole. Machozi yakamlenga. Kisha akasema, "Bibi, rudisha sanda yako. Utaihitaji, lakini si mwezi huu. Nanyi nyote rudini na vitu vyenu. Reale mia zatosha."

Watu walipokwisha kwenda, Bi Mize akamgeukia. "Zatosha nini, mume wangu? Hizo hazinunui hata kiti cha kukalia opereta."

"Mke wangu, wewe wajua maji yatakako kupita. Nipe kamba na vigingi, kesho unionyeshe njia. Mengine niachie."

"Nikuachie wewe? Si wewe uliyetufikisha hapa?" Lakini kamba akampa. Siku ya pili wakashinda wakipigilia vigingi, kutoka mtaani mpaka ukingoni mwa mto, Bi Mize mbele akimwaga maji ya kata kidogo kidogo kuangalia yanaelekea wapi, na Machano nyuma na nyundo.

Siku ya tatu Machano akaenda kwa Tajiri Mauli. Na hapa yapasa mjue desturi ya Bandarikavu: neno lililoandikwa juu ya mlango wa biashara lilikuwa kiapo. Mwenye mlango akilivunja, mlango wake hung'olewa mchana kweupe, ukachomwa sokoni, naye hauzi tena hata sindano. Kwa hiyo wafanyabiashara waliandika machache, "Karibu" au "Chumvi ipo." Mauli peke yake aliandika kwa herufi kubwa: MITAMBO MIZIMA. JARIBU UTAKAVYO MPAKA URIDHIKE. DIZELI JUU YETU.

Hakuwa mjinga. Aliwajua watu wa mji wake. Mnunuzi akiingia, alikaribishwa kwa kahawa na halua, na mtu wa Bandarikavu akishakula halua ya mtu huona haya kumchungulia mali yake. Alitazama rangi, ndoo ya mtambo ikainuliwa mara mbili, akasema mashallah, akalipa. Tangu maandishi yale yawekwe, hapakutokea aliyejaribu mtambo zaidi ya muda wa kumaliza kikombe.

Machano akanywa vikombe vitatu, akala halua yote, kisha akainuka na kuweka kiganja juu ya injini. "Ina joto hii, Tajiri. Imeamka kabla yangu?"

"Tuliipasha kidogo, kwa heshima yako."

"Ahsante. Kesho usiniheshimu, nataka niione ikiamka yenyewe. Na huu ulikuwa wa nani?"

"Wa hajati mmoja mzee. Alichimbia mashimo ya mipapai tu. Tazama saa yake ihesabuyo kazi, saa mia tisa basi!"

Machano akapanda, akatazama chini. "Hajati huyu alivaa viatu vya chuma? Pedeli zimelika mpaka zimekuwa kama sabuni ya mwisho wa mwezi." Akashuka, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaitikisa, ikagongagonga. "Na pini zacheza. Bei gani?"

"Reale elfu na mia mbili, kwa kuwa ni wewe."

"Nitaujaribu kwanza."

"Jaribu utakavyo!" akasema Mauli, akaagiza kahawa nyingine.

Basi Machano akaomba mtambo utoke uani, ukatoka na opereta wa Mauli, mtu mnene aliyeitwa Sudi. Akawaongoza mpaka kigingi cha kwanza, mlangoni mwa Bi Mize. "Nataka kuona kama wachimba udongo mwekundu. Kina cha kiuno, upana wa hatua mbili, fuata vigingi." Sudi akachimba mpaka jua likashuka. Mauli akasema, "Umeona? Wachimba!"

"Mwekundu wachimba," akasema Machano. "Lakini mbele kuna mfinyanzi. Sijaridhika."

Siku ya nne ikawa mfinyanzi. Siku ya tano kichanga. Siku ya sita akataka kuona kama mtambo wajua kupinda kushoto, kwa kuwa mfereji ulizunguka makaburi, na siku ya saba kulia. Siku ya nane pini moja ikakatika katikati ya kazi. Machano akaketi juu ya tuta, akamwambia Mauli, "Mlango wako wasema mitambo mizima. Je, huu ni mzima?" Mauli akaweka pini mpya zote. Kesho yake mpira wa oili ukapasuka, ukamwogesha Sudi kuanzia kilemba, na Mauli akaweka mipira mipya. Mapipa ya dizeli yalikuja moja baada ya jingine, na Mauli akifuata nyuma, kahawa yake mwenyewe mkononi, haimshuki.

"Elfu moja," akasema.

"Sijaridhika."

"Mia saba! Mia nne!"

"Tajiri wangu, mimi sisemi bei. Mimi najaribu tu."

Mauli akakimbilia kasri. "Bwana, nifungue kiapo cha mlango! Mtu huyu atatumaliza!"

Sultani akainama, akamnong'oneza. "Nikikufungua, watu watauliza Sultani ana nini na dizeli ya Mauli. Mshushie bei anunue, akuondokee."

Mauli akashusha mpaka mia mbili, Machano akatikisa kichwa. Siku ya kumi na tatu, mfereji umekwisha kufika hatua kumi tu kutoka mtoni, Mauli akapiga magoti matopeni na joho lake. "Uchukue kwa reale mia! Nakusihi, Machano, uridhike!"

"Hilo ni neno la moyo mzuri," akasema Machano. "Limebaki jaribio dogo. Sijaona kama wachimba udongo wenye maji."

Sudi akauvunja ukingo. Maji yakaingia mferejini, yakateremka yakizunguka makaburi, na watu wa mtaa wakakimbia kando yake wakipiga kelele, Bi Shali nyuma yao kwa mkongojo. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni mwake. Yalipomfika miguuni, alilia na kucheka kwa pamoja, wala hakuona haya ya mtu. Huko juu Machano akatoa mfuko, akamkabidhi Mauli zile reale mia. "Sasa nimeridhika," akasema.

Kesho yake, mwezi haujaandama, mtambo ukasimama uani kwa Sultani. Baraza lilijaa mpaka nje. Sultani akautazama kwa uchungu, kwani alitaka mia tisa za wafinyanzi na badala yake alikuwa amepoteza dizeli. Akatafuta pa kushikia. "Machano, nilikutuma kununua mtambo, si makumbusho. Huu ni mbovu! Umeila fedha yangu. Nyumba yako itabomolewa."

Bi Mize akamshika mumewe mkono kwa nguvu. Machano akasema, "Bwana wangu, mimi si fundi. Aulizwe aliyeuza. Tajiri Mauli, mlango wako wasema mizima. Mbele ya Sultani, huu mtambo ni mzima au ni mbovu?"

Mauli, ambaye kwa siku kumi na moja alikuwa hajalala wala hajauza kitu, alipolisikia neno mbovu alipandwa na hasira hata akasahau yuko wapi. "Mbovu? Mbovu, Bwana? Ulikuwa mbovu ulipokuwa wako! Sasa una pini mpya, una mipira mipya, nimegharamia mimi, na nusu yako hujatoa hata thumuni! Na ni nani aliyeniambia niupake rangi na kuirudisha nyuma saa yake? Si wewe?"

Mauli akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini yalikuwa yamekwisha toka. Kutoka nyuma Bi Shali akauliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri na anayedhani wengine hawasikii, "Kumbe sanda yangu ilikuwa iende kwa Sultani?"

Sultani akaona aibu, akageuka rangi. Akatazama huku, macho. Akatazama huku, macho. Kisha kicheko kikamtoka, cha kulazimishwa kwanza, halafu cha kweli, mpaka kilemba kikamlegea. "Nimeuuza mtambo wangu," akasema, "nikaununua mwenyewe, nikautengeneza, nikautia dizeli, na mfereji si wangu! Machano, nyumba yako ni yako. Mtambo na uwe wa wafinyanzi, na Sudi nitamlipa mimi."

"Ahsante, Bwana wangu," akasema Machano. "Lakini Sudi umnunulie na kilemba."

Jioni yake Sultani akatamani kuyaonja maji yale yaliyomgharimu. Akateremka mtaani na watumishi wawili na birika la fedha, akapita moja kwa moja hadi mbele, penye kina. Bi Mize alikuwa pale akijaza mtungi. Hakuinua hata kichwa. "Mstari waanzia kule, Bwana," akasema, "nyuma ya Bi Shali." Watumishi wakashika mapanga yao. Sultani akawatazama watu, akatazama maji, akachukua birika mikononi mwake mwenyewe, akaenda kusimama nyuma ya Bi Shali.

Hekaya ndiyo hiyo. Iliyompendeza na aende nayo kwake, na isiyompendeza aniachie hapa hapa, nina pa kuipeleka.