Penalti ya Digidigi

Zamani hizo, watoto wangu, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, wanyama walikuwa na nyumba, wake, na ligi ya mpira.

Mchezaji aliyevuma kuliko wote alikuwa Digidigi. Alianza na mpira wa matambara uani kwa mama yake, akachukuliwa na timu za ng'ambo ya mto, akawapiga chenga chui mpaka wakakaa chini. Aliporudi nyumbani alikuwa na vikombe tele na goti bovu. Siri ya goti waliijua yeye na mkewe tu. Shuti lilikuwa limekwisha.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali na kisima kilikuwa kimoja. Wanyama wakubwa wakawaambia wadogo, "Tucheze! Mkitufunga, mtakunywa nasi. Msipotufunga, fungasheni virago!"

Siku ya mechi wakubwa hawakupita getini. Mganga wao aliwaambia getini kumezikwa kitu. Wakavunja ua, kraaa! Wakaingia kinyumenyume, kipa wao Kifaru akitanguliza makalio. Msicheke, ndivyo walivyoamini.

Dakika zikaenda, sifuri kwa sifuri. Dakika ya mwisho Nyati akamkanyaga Nguchiro, nahodha wa wadogo, mbele ya goli. Prrrii! Refa Korongo akaonyesha penalti.

"Kaka Digi, piga wewe," Nguchiro akasema huku akichechemea. "Wanangu hawajanywa tangu juzi."

Digidigi akautazama mpira. Aliogopa, kweli aliogopa. Kwa goti lile mpira ungetambaa tu, hata kobe angeudaka.

Soksini alikuwa na limau la kunyonya wakati wa mapumziko. Akalitoa, akaenda mpaka golini, akaliweka taratibu kando ya mlingoti wa kushoto, nje kidogo ya mstari. Akainama, akanong'ona majina ya shangazi zake wote saba.

"We! We! Unaweka nini hapo?" Kifaru akafoka.

"Limau, mzee wangu."

"La nini?"

"La kunyonya."

"Mwongo mkubwa! Refa, mwambie alitoe!"

"Liko nje ya mstari," Korongo akajibu. "Likikukera, litoe mwenyewe."

"Mimi? Nilishike? Thubutu!"

"Basi tuendelee."

Kifaru akajibanza kulia, macho kwenye limau. Digidigi akauma meno kwa maumivu, akaugusa mpira. Tii! Ukaenda biri, biri, biri, upande wa limau.

"Rukia!" Nyati akapiga kelele. "Kifaru, rukia!"

Kifaru akainua mguu. Akaushusha. Akauinua tena, jasho likimtiririka.

Mpira ukavuka mstari.

"Gooooli!"

Wadogo hawakukaa kushangilia. Walikimbia wote kisimani, wazee kwa watoto.

Kifaru akamfuata Digidigi. "Niambie kweli, mdogo wangu. Ndani ya lile limau mlikuwa na nini?"

Digidigi akaliokota limau, akaling'ata, akafumba jicho moja kwa ukali wake.

"Mbegu, mzee," akasema. "Mbegu tatu."

Nami nawaambia, wanangu: mwenye mwili mkubwa na hofu ya kijinga atafungwa hata na mwenye goti bovu.