Chatu Mchanga Aliyekataa Halwa ya Sultani

Kaeni vizuri, na mwenye kutafuna kashata atafune polepole, maana nataka sauti yangu ifike mpaka nyuma. Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Fakhri bin Mundhiri, mfalme mkarimu kupita kiasi, na ninaposema kupita kiasi sijakosea neno. Desturi ya nyumba yake ilikuwa kwamba mgeni wa sultani haachwi peke yake hata dakika, wala sahani yake haionekani tupu, na akisema ameshiba huongezwa, na akisinzia hupigiwa matari ili ajue kwamba anapendwa. Watu walitoka katika jumba lile wamenenepa, na macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Asubuhi moja, baraza limejaa watu, ukuta ulipasuka bila kudondosha hata punje ya chokaa, na akatoka jini mrefu ambaye kilemba chake kiligusa dari, na mkononi amebeba chatu mchanga, mwembamba kama kidole gumba. Akasema, "Ewe Sultani mtukufu, mimi ni Dahmani bin Shibli, na mwaka huu nimenuia Hija. Huyu ni mwanangu wa pekee. Watoto wetu huzaliwa katika umbo la nyoka, na hawasemi mpaka wavue ngozi ya kwanza. Safari ni nzito kwake, na sifa za ukarimu wako zimenifikia, basi nakuachia amana. Nikirudi baada ya siku tisini nikamkuta mzima, mji wako utaziona shukrani zangu. Na akiwa amekufa, nitaondoka na maji ya visima vyenu vyote." Akaingia ukutani, na ukuta ukajifunga.

"Marhaba, mwana wa mgeni, marhaba!" akasema Sultani, na mtoto akalazwa juu ya godoro la hariri katikati ya ukumbi mkubwa, na akaandaliwa pilau na halwa na maziwa ya ngamia, na wakubwa wa mji wakapanga foleni kumpapasa kichwa, na matari yakalia mchana kutwa. Chatu akajikunja, akaficha kichwa chake, na hakula kitu siku ya kwanza, wala ya kumi, wala ya ishirini.

Mtunza ndege wa jumba, Mzee Kheri, aliyefuga viumbe wa kila namna tangu ujana wake, akashindwa kuvumilia. "Maulana," akasema, "huyu hana kiburi, anaogopa. Na ukumbi huu una baridi. Mwacheni peke yake." Lo! Waziri Hilali, mlinzi wa desturi, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mgeni wa sultani aachwe? Mzee huyu ametutukana!" Na Sultani, kwa kuwa hofu ya visima ilikuwa imemkaa rohoni, akaamuru Mzee Kheri afungwe, na akaapa kwamba mtoto wa jini akifa, shingo ya mzee ndiyo itakayotangulia.

Sasa, mzee huyu alikuwa na binti mmoja, Sabra, muoka mikate ya mofa katika kibanda nyuma ya soko, na mama yake alikwisha kufariki, hana mwingine duniani ila baba. Habari zilimfikia mikono ikiwa ndani ya unga. Hakuinawa. Alikwenda hivyo hivyo mpaka barazani, akapiga magoti.

"Maulana, nipe mgeni wako nimtunze, na roho yangu iwe pamoja na ya baba yangu."

"Utampa nini wewe ambacho mimi sina?" akauliza Sultani.

"Panya, Maulana. Na joto. Na kuachwa."

Watu wakacheka mpaka wengine wakavua vilemba kujipepea. Lakini Sultani hakucheka, alikuwa amechoka, na akasema, "Mpeni."

Sabra akambeba chatu ndani ya kapu lenye kifuniko, akapita kwanza kwenye dirisha la gereza na mkate wa moto, na baba yake akamwambia kwa haraka kabla mlinzi hajageuka: "Mfanyie nyumba ndogo, mwanangu, kubwa itamtisha. Upande mmoja uwe na joto na mwingine ubaridi, achague mwenyewe. Umwekee mahali pa kujificha, na bakuli la maji linalomtosha kuoga. Panya mmoja kwa wiki, asiwe mnene kumzidi yeye, na akishakula usimguse siku mbili. Mkono wako ukiwashwa na huruma, ukande unga."

Nyumba ya chatu ilitengenezwa na Mahfudhi, seremala wa jirani, kijana ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinunua mikate mingi kuliko wawezavyo kula watu watano, naye anaishi peke yake. Alipiga sanduku la mvule lenye matundu madogo kama kunde, na Sabra akaliegemeza upande mmoja kwenye ukuta wa tanuri, akatandika majani makavu ya mgomba, akaweka bakuli, na chungu kilichovunjika akakifudikiza kiwe pango. Kazi safi kabisa. Ila Mahfudhi, kwa kumtazama Sabra badala ya kutazama sanduku, alisahau komeo.

Kesho yake sanduku tupu! "Yarabi, baba yangu!" akapiga kelele Sabra, na wakapekua magunia, kuni, majivu, mpaka Mahfudhi akavua viatu akaangalia ndani. Chatu alikutwa chini ya kitambaa kilichofunika kinyunga, amejikunja pembeni ya beseni, mahali unga unapoumuka na pana vuguvugu. Mahfudhi alipiga komeo la shaba siku ile ile, jasho likimtoka.

"Sasa hata shetani hatoki humo," akasema.

"Mtoto wa watu anasikia, Mahfudhi. Chunga mdomo," akasema Sabra, lakini alikuwa anacheka, na hakuwa amecheka tangu baba yake afungwe.

Siku ya tano akamtega panya mmoja katika ghala lake la unga, ambamo panya walimwibia miaka yote, akamtia sandukuni, akafunika kwa kanga, akageuka akakanda unga mpaka mabega yakamuuma. Akasikia kishindo kidogo. Akasubiri, akafunua, na panya hayupo, na katikati ya mwili wa chatu pana kivimbe. Sabra alikaa chini sakafuni akalia kwa furaha, akasema alhamdulillahi mara nisizoweza kuzihesabu. Na mkate aliompelekea baba yake siku hiyo aliubonyeza kwa kidole gumba, alama moja kwa panya mmoja. Wiki ya pili alama mbili, na ya tatu tatu, na mzee gerezani alielewa bila kuambiwa.

Mkate ulipofika alama tisa, rangi ya chatu ilififia, macho yakawa meupe kama maji ya mchele, na akamkataa panya. Siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, akaingia Waziri Hilali na watumishi na sinia. "Amepofuka! Anakufa kwa njaa! Leteni kijiko, mfungueni kinywa, mtieni maziwa!"

Sabra akashika koleo la tanuri, akasimama mbele ya sanduku. "Bwana Waziri, anataka kujivua ngozi. Mkono wako ukimvuruga sasa, maji ya mji huu utayajibia wewe." Waziri akarudi nyuma, maana koleo lilikuwa la moto, akaenda kushtaki.

Akaja Sultani mwenyewe, na Sabra hakuandaa sinia wala hakuita matari. Alitandaza kitambaa chenye maji juu ya sanduku ili ngozi ya chatu ilainike, akamwonyesha Sultani kigoda karibu na ukuta wa tanuri, akasema, "Maulana, kaa umtazame, ila usiseme kitu." Akarudi kwenye mikate yake. Sultani akakaa. Hakuna aliyemlisha, hakuna aliyemsifu, na ukuta ulikuwa na joto zuri mgongoni. Punde si punde Sultani Fakhri bin Mundhiri alikuwa anakoroma, na Waziri alipotaka kumwamsha, Sabra alimwinulia koleo tena.

Aliamka alasiri, akajipangusa uso. "Binti," akasema, "tangu nilipovishwa kilemba hiki sijawahi kulala hivi. Ahsante. Sikujua kwamba nimechoka." Akamgeukia Waziri. "Asiguswe mtoto."

Siku ya tisini, mbele ya Sultani na Sabra na Mahfudhi, chatu alijisugua kwenye kigae cha chungu, na ngozi ikamtoka nzima kuanzia mdomoni, nyepesi, na yeye akang'aa kwa dhahabu na kahawia. Moshi wa tanuri ukasimama wima, na Dahmani akatoka ndani yake, ihramu yake bado begani. Mtoto akanyanyua kichwa akasema, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza duniani:

"Baba, kule jumbani nilipendwa na watu mia na nisilale. Hapa niliachwa nikalala. Na yule mzee aliyesema niachwe, yuko wapi?"

Sultani aliinama chini. Hakutuma mtu, alikwenda kwa miguu yake akafungua mlango wa gereza kwa mkono wake, akasema, "Nisamehe, Mzee Kheri." Na mzee akatoka amekonda, na ndani ya kilemba amefunga vipande tisa vya mkate mkavu, kila kimoja na alama zake, sehemu ambazo kwa njaa yake yote hakuzila. Sabra, aliyekuwa amemfuata Sultani nyuma, alipoviona akamkumbatia baba yake.

Dahmani akaibandika ile ngozi kwenye tanuri, na tanuri halikuzimika tena wala halikuhitaji kuni, na visima vya Zumaridi vikajaa maji matamu. Sultani akamwambia Sabra kwamba mwanawe mkubwa bado hajaoa. "Maulana, nakushukuru sana," akasema Sabra, "lakini mimi nimeshapata fundi wangu." Mahfudhi akadondosha nyundo. Harusi ikapigwa matari mpaka alasiri tu, kwa amri, na kisha bwana na bibi harusi wakaachwa peke yao, na utajiri wa tanuri lile ukawatunza wao na watoto wao.

Fundisho lake ni hili: usimpe mgeni kile kinachokupendeza wewe, muulize. Ndiyo maana ukifika Zumaridi leo, kabla ya salamu kwisha, utaulizwa, "Utakula, au tukuache?" Mimi nimeshasema vya kutosha, kashata zimekwisha, na koo limekauka. Niacheni.