Jiwe la Mwinyikombo

Mwinyikombo alikuwa amekitia kufuli kisima pekee cha kijiji, nalo jiwe la figo likamtia kufuli yeye. Vidonge vya daktari alimeza, lakini maji aliyakwepa, maana kila akikojoa alilia kama mbuzi.

Akamwita Siwatu, muuza mizizi. "Jiwe lisipotoka, nakuvunjia kibanda."

"Dawa unayo, bwana. Meza, ushushie na maji mengi. Ila maji ya kisima kilichofungwa hufunga njia ya mkojo."

Kisima kikafunguliwa. Kijiji kikachota, bwana akanywa, na Ijumaa kitu kikagonga ndoo ya chooni, ting.

Mwinyikombo akatoka anacheka, kufuli mkononi. "Sasa nafunga kisima changu."

"Funga tu, bwana," akasema Siwatu, akijitwika mtungi wake uliojaa. "Lakini figo unazo mbili."